Boma la Mzee Ulimboka

Neno boma Ulimboka alilikuta kwenye miiba. Baba yake aliikata, akawazungushia ng'ombe, akamwambia hili ndilo boma. Lakini neno lina miguu, bwana. Wajerumani walijenga ngome, nayo ikaitwa boma. Zikaja ofisi za wilaya, watu wakasema wanakwenda bomani. Siku hizi nyumba iliyosimama kuta bila bati nayo ni boma. Neno limetembea kote huko, na mzee wa watu yuko zake Ihumwa, hana habari!

Basi wapima ardhi wakaja, wakatangaza mkutanoni: mwenye boma atabaki na eneo lake, asiye na boma atahamishwa. Ulimboka alirudi nyumbani anacheka peke yake.

"Penina, tumepona," alimwambia mkewe. "Boma si tunalo!"

Hofu yake ilikuwa moja tu. Baba yake alizikwa ndani ya boma lile, kwenye samadi ya ng'ombe wake, kama wakuu wa kaya wa Kigogo walivyozikwa zamani. Kuondoka pale ni kumtupa.

Jirani yake Ebenezer akahangaika kufyatua matofali, kapauka vumbi mpaka kope. Ulimboka akamtania, "Unajitesa nini, shemeji?" Mwenyewe akanoa panga kwenye jiwe la langoni, akakata miiba mipya, akaziba mapengo, akaridhika.

Siku ya ukaguzi alikuja kijana mmoja.

"Shikamoo, mzee. Boma liko wapi?"

"Marahaba. Si hilo umeliegemea?"

Kijana akacheka, akachomoa mwiba kwenye shati. "Hili ni zizi, babu. Boma ni kuta za matofali."

"Tangu lini?"

Kijana alikuwa tayari anaandika kwenye daftari lake. Kijana hakuwa mbaya, alikuwa na haraka tu. Ebenezer alibakizwa kwa kuta zisizo hata na mlango. Loh! Inauma.

Mzee alikwenda bomani kulalamika. Alishinda kwenye benchi, kesho yake tena, mpaka karani akamwambia kwa upole kwamba mambo yamekwisha.

Sasa yeye na Penina wanaishi Ipagala kwa binti yao Jenifa, na ng'ombe wameuzwa. Juzi alirudi Ihumwa kuliangalia kaburi. Akapotea, kwao kabisa! Akamwuliza mama muuza nyanya: kwa Ulimboka ni wapi?

"Simjui huyo, babu. Jaribu kuuliza pale kwenye boma."

Akatazama alikoonyeshwa. Aliliona kwanza lile jiwe alilokuwa akinolea panga. Kisha akaziona kuta za watu, mpya, hazina bati, zimesimama juu ya baba yake.