Mchimba makaburi wa Keza aliyeacha kusali

KEZA, NGARA. Saa moja asubuhi ukungu umelala mabondeni, na moshi wa mafiga ya kambi ya wakimbizi unaelea juu yake taratibu, kama nchi nyingine. Ildefonce Nduwayo, mkulima mwenyeji wa miaka 46, anafunua mkeka na kupangusa uso wa marehemu kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu.

“Aliitwa nani?” anauliza.

“Bizimana,” anajibu mjane, Restuta.

Ildefonce analirudia jina polepole, kisha anashuka kaburini kumpokea.

Tangu mwaka jana, 1994, amezika watu 312. Zamani alikuwa mwimbaji wa kwaya kigangoni. Kisha mauaji yakaanza ng’ambo ya mpaka, na maiti zikaanza kupita mtoni.

“Nilisimama ukingoni nikaomba wiki nzima,” anasema. “Maji yakaendelea kuwaleta. Siku moja nikapiga magoti, nikaona naongea peke yangu.”

Katekista wa kigango hicho, Bartholomayo, hakutaka mtu wa namna hiyo azike waumini.

“Humwamini Mungu. Unamheshimu marehemu kwa lipi?” alimuuliza.

“Mwalimu, huyu alibebwa mgongoni na mama yake. Kwangu inatosha.”

Katekista aliondoka bila kuaga.

Mwezi Machi lori lilileta miili kumi na mmoja ya waliokufa kwa kuhara damu. Mvua ilikuwa inanyesha. Msimamizi wa mazishi kambini akaagiza lichimbwe shimo moja. Ildefonce akakataa; wachimbaji wenzake wakaogopa kufukuzwa kazi kwa kumuunga mkono, wakaondoka. Akabaki anachimba peke yake, kaburi moja kwa kila jina.

Alasiri Bartholomayo alifika kusali, akamkuta kwenye kaburi la nne.

“Alikunja kanzu,” Ildefonce anakumbuka. “Akashika jembe.”

Jua lilipozama, makaburi yote kumi na moja yalikuwa tayari. Katekista akasali, Ildefonce akasimama kando yake, tope hadi magotini.

“Bado namwombea arudi kanisani,” anasema Bartholomayo. “Lakini nikifa, anizike yeye.”

Majina yote Ildefonce ameyaandika kwenye daftari la shule la bintiye, Deodata, pamoja na mstari lilipo kila kaburi. Kambi ikifungwa, anapanga kurudi kwenye maharage yake, lakini hatahama Keza.

“Ipo siku mtu atavuka mpaka kumtafuta ndugu yake,” anasema, akitazama vilima vinavyoanza kuchomoza. “Nataka anikute. Nimshike mkono, nimfikishe mahali penyewe.”