Upande Wenye Nywele

Mume wangu ni kinyozi. Nalisema hili mapema kwa sababu ukimuuliza mwenyewe kazi yake atakujibu "dairekta", huku mashine ya kunyolea iko mkononi na poda imemjaa mpaka kwenye kope. Kibanda chetu kina kiti kimoja cha kuzunguka, vioo viwili vinavyotazamana, benchi la wanaosubiri, na runinga ndogo juu ya rafu. Hiyo runinga haijawahi kuonyesha mpira wala taarifa ya habari. Ni sinema, asubuhi mpaka jioni, na mteja akiingia katikati sharti asimuliwe kwanza ilikoanzia ndipo anyolewe. Wako watu wanaokuja na vichwa vilivyonyolewa jana, wanakaa benchini saa tatu nzima, wanashukuru, wanaondoka.

Wakati wa uchumba wetu alinipeleka sinema mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja aliniambia mapema nani atakufa. Nikamkubali hivyo hivyo. Kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Miaka minne iliyopita akapata simu yenye kamera nzuri, na hapo ndipo nyumba ilipokoma. Stendi ya kamera ni ubao wangu wa kupigia pasi. Akitaka picha izunguke, yeye hukaa kwenye kiti cha wateja na mimi nakizungusha polepole, polepole, "polepole mama watoto, unanipa kizunguzungu!" Sauti tunainasa kwa simu yangu iliyofungwa juu ya fimbo ya ufagio na kuvishwa soksi. Soksi safi, hilo nalisimamia mwenyewe. Na mvua ni mimi. Napanda stuli nje ya dirisha na dumu lililotobolewa matundu, nanyesha. Nimewahi kunyesha dakika arobaini kwa ajili ya sekunde sita, na hizo sekunde sita mwishowe akazikata.

Filamu yetu ya kwanza ilikuwa ya mwizi. Mwizi ananyata ndani ya kibanda, anatazama huku na huku, na katika vioo vyote viwili anaonekana mume wangu amechuchumaa na simu, nyuma yake nimesimama mimi na ufagio. Watu walituuliza mbona yule mwizi hana aibu, anaiba mbele ya wenye mali. Tulicheka na wao, lakini jioni yake mume wangu hakula. Haambiliki huyu mtu, ila anaumia.

Sasa, miongoni mwa wale wa benchini alikuwepo mzee mmoja tuliyemwita Babu Tiketi. Kulikuwa na jumba la sinema mtaani kwetu zamani, siku hizi ni ghala la magodoro, na yeye alichana tiketi mlangoni pale kwa miaka thelathini na moja. Amri ya bosi wake ilikuwa moja tu: uso kwenye mlango, mgongo kwenye sinema, asipenye mtu bila tiketi. Basi mzee wa watu akazisikia filamu zote wala hakuona hata moja. Angeweza kukusimulia kwa masikio: hapa farasi wanapita, hapa mlango unafungwa, hapa mwanamke analia. Analia nani, na kwa nini, hajui. Akawa anakuja kibandani kila Jumamosi kunyolewa, halafu anakaa kutazama runinga mpaka tunafunga.

Siku moja mume wangu akamwambia, "Babu, nataka uwe stelingi, mhusika mkuu wa filamu yangu."

Benchi zima likacheka. Babu hakucheka. Aliwaza sana, kisha akauliza swali moja tu: "Siku ya kuonyesha, mimi nitakaa wapi?"

"Kiti cha mbele kabisa, babu. Katikati."

"Uso kwenye sinema?"

"Uso kwenye sinema."

"Basi niandike," akasema, na macho yake yakawa na maji.

Filamu yenyewe ni ya baba aliyemkosea bintiye, anafunga safari kwenda kumwomba msamaha. Binti aliigizwa na mdogo wangu, mwalimu wa chekechea, ambaye hulia haraka kuliko watoto anaowafundisha. Dairekta akataka baba awe na nywele nyingi nyeupe, za mtu asiyejijali. Babu akazifuga miezi mitatu. Kila Jumamosi alikuja kama kawaida, akakaa benchini mikono magotini, akawatazama wenzake wakinyolewa. Fundi viatu mmoja wa pale benchini, mwenye mdomo, akamtania: "Mwenzako akinyolewa wewe tia maji, babu, siyo mbolea!"

Tulikuwa tumebakiza tukio moja, la mwisho, pale baba na binti wanapozungumza mezani. Hapo ndipo mtoto wa kiume wa babu alipopiga simu kwamba anakuja kumchukua mzee wake wakaishi wote, mbali huko, maana magoti yalikuwa yameshakataa kuishi peke yao. Wangeondoka Jumatatu. Mdogo wangu akakimbia kwa mwalimu mkuu wake, akapewa ukumbi wa shule na projekta kwa Jumapili alasiri. Kwa hiyo: Jumamosi tupige tukio la mwisho, Jumapili tuonyeshe, Jumatatu mzee aende zake. Tukikosa hapo, babu ataondoka bila kukaa kile kiti chake. Tulilijua hilo sote, na mume wangu alikuwa hali wala halali.

Jumamosi asubuhi babu akafika mapema, shati limepigwa pasi. "Mwanangu," akasema, "nipunguzie tu hizi za sikioni, zinaniwasha. Nyingine usiguse."

Mimi nilikuwa chumba cha nyuma natafuta bati la keki, lile tunalolitumia kurudishia mwanga. Nilimsikia mume wangu akimweleza babu tukio, na akianza kueleza tukio, jamani, mtu huyu hupaa. "Unaingia, babu. Unakaa. Huna neno. Miaka yote imekukaa kooni..." Nami nikasikia mashine inanguruma, na ikaendelea kunguruma, na nikawaza, masikio ya mtu mmoja yana nywele kiasi gani?

Nilipotoka nikapiga ukelele mpaka bati likanianguka.

Upande wote wa kulia wa kichwa cha babu ulikuwa mweupe pee, kuanzia sikioni mpaka utosini, unang'aa. Nywele za miezi mitatu zilikuwa sakafuni. Mkono uliozoea kichwa kile miaka ishirini ulikuwa umefanya kazi yake ya kila Jumamosi, na mwenye mkono alikuwa bado yuko mezani na baba na binti, anatunga.

Akazima mashine. Akaitazama utafikiri kuna mtu amemtegea mkononi.

"Nilidhani ndiyo mtindo wa filamu," akasema fundi viatu kutoka benchini. "Lakini nina gundi nzuri ya soli, tukiziokota moja moja..."

"Nyamaza wewe!" nikamkata. Kisha nikamgeukia wangu. Sitayarudia yote niliyosema. Nilimwita kichwa maji, nikamwita chizi wa picha, nikamwambia bora angeioa hiyo runinga. Alikuwa amenywea, poda usoni. Ningeendelea, lakini babu akajitazama kiooni, akapapasa upande ule mtupu kwa kiganja, akauliza taratibu, wala si kwa hasira:

"Kwa hiyo kesho hakuna?"

Hasira yote ikaniishia. Ilibaki huruma tu, inachoma.

"Tutakuvisha kofia, babu," akasema mume wangu.

"Kofia ng'o! Nimevaa kofia ya kazi miaka thelathini na moja. Siendi kujitazama kwenye sinema nimevaa kofia."

Niliinama kuokota bati langu, lilikuwa limeviringika mpaka upande wa pili wa kiti. Nilipoinua kichwa nikajikuta kushoto kwa babu. Nikatazama. Nikatazama tena. Babu alikuwa na nywele zake zote, hajapungukiwa hata unywele.

"Baba watoto," nikasema. "Hebu njoo usimame hapa nilipo."

Akaja kwa kujikokota. Akasimama. Kisha huyo mwanaume akanikumbatia mbele ya wateja, na mashine yake, na poda yake yote.

Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Saa hiyo hiyo tukamchukua babu mpaka sebuleni kwetu, tukamzungushia taulo ili asipigwe picha na wapita njia. Amri ikatoka: kamera iko kushoto, na babu hageuki. Jambo dogo kusikia, lakini jaribu. Mtu akikusemesha, unamgeukia. Mdogo wangu alitakiwa aingie na birika, na mlango wetu, kwa bahati mbaya ya waliojenga, uko kulia. Anaingia, anasema "Baba!", na babu, kwa adabu zake, anamgeukia, na kipara kinajaa kwenye picha.

"Kata! Babu, usigeuke."

"Ananiita, mwanangu. Nimwitikie ukuta?"

Mara tisa. Mara ya sita babu akakumbuka kutogeuka, mdogo wangu akaangua kicheko akamwaga chai. Mara ya nane soksi ikadondoka kwenye sukari. Mume wangu, badala ya kufoka, akasogea akapiga magoti mbele ya babu. Alikuwa ameandika maneno mengi sana ya tukio lile, ukurasa mzima, baba alie, amshike binti mikono. Akauchana.

"Babu, tazama dirishani tu. Mwombe msamaha ukiwa unatazama dirishani."

Basi babu akakaa, akatazama dirishani, na binti akaingia akasimama nyuma ya bega lake. Hakugeuka. Alisema, "Nimekuja, mwanangu. Kukutazama siwezi." Alikuwa na maana ya nywele, sote tulijua. Lakini Mungu wangu, ilivyotoka! Mdogo wangu akalia kweli. Mume wangu akasahau kusema kata. Na mimi niliyekuwa juu ya stuli nje ya dirisha, dumu limejaa, nikasahau kunyesha.

Tulipomaliza babu akasema, "Haya, sasa nimalizie na upande huu, nisije nikaonekana mwehu njiani." Akanyolewa, akaenda kulala. Mume wangu akaunganisha vipande usiku kucha, na mimi nikampikia bila kuombwa, jambo analolikumbusha mpaka leo.

Jumapili alasiri ukumbi wa shule ulijaa. Tuliziba madirisha kwa mablanketi, shuka langu jeupe likatundikwa ubaoni, nimelipiga pasi mara mbili. Mtoto wa babu alikuwa ameshafika, mtu mzima mwenye mvi zake. Babu akakaa kiti cha mbele, katikati, kipara kinang'aa, mgongo wima. Nyuma kabisa mume wangu alisimama karibu na projekta, ananinong'onezea makosa kabla hayajafika: "Hapa sauti inakatika. Hapa kuna kuku." Nikamfinya anyamaze.

Watu wakacheka pale pa kuchekwa. Babu akiwa safarini anagonga nyumba siyo, ukumbi ukavunjika mbavu, naye akacheka, akawageukia walio nyuma yake kuhakikisha wamemwona. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, nasema kweli.

Kisha likaja tukio la mwisho. Uso wa babu, kwa upande, ukajaa shuka zima. Pua, shavu, nywele nyeupe, jicho linatazama dirishani.

Babu akanyanyuka.

Mume wangu akanishika mkono kwa nguvu. "Ameona mstari," akanong'ona. "Kipara kimejitokeza mahali. Nimemharibia."

Babu akatembea mpaka kwenye shuka, kivuli chake kikaanguka juu yake, akasogea pembeni asiizibe picha. Akanyoosha kidole.

"Huyu ni baba," akasema.

Watu wakadhani anaendelea kuigiza. Mtoto wake akainuka kumfuata. "Mzee, huyo ni wewe."

"Najua ni mimi. Nakwambia ni baba." Uso wake ulikuwa unacheka. "Babu yako alikuwa dereva wa lori. Alikuwa ananipakia, nakaa ubavuni kwake, yeye anatazama barabara, mimi namtazama yeye. Alikufa nina miaka tisa, hatukuwahi kupiga picha. Sura ilishanipotea. Nimeitafuta kwenye vioo tangu hapo, kila nikinyolewa naitafuta, siioni." Akaugusa ukingo wa shuka. "Kumbe ilikuwa huku ubavuni."

Mtoto wake akasogea, akasimama naye, akautazama uso ule wa babu yake kwa mara ya kwanza maishani.

Picha ilikuwa inaendelea. Babu akageuka kwa haraka, akatuinulia mkono sisi wa nyuma.

"Msimamishe! Msimamishe hapo hapo, mwanangu, asiondoke."

Mume wangu akabonyeza. Picha ikasimama. Babu akarudi kwenye kiti chake na mtoto wake akachuchumaa kando, na mzee akatuomba tusifunue madirisha kwanza. Tukakaa naye ukumbi mzima, na hakuna aliyeuliza filamu inaishaje.