Nauli ilipopanda, nikamkatia Baba siti ya jirani na mkwewe

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo.

Uzi huu nimeuandika mara mbili nikaufuta, maana kosa ni langu na mke wangu naye huwa anapita humu. Leo nauacha. Ni kweli tupu, chumvi sijaongeza.

Naishi Kyela mjini, Mbugani. Baba yangu yuko Bujonde, mkulima wa mpunga na kakao, umri umekwenda. Macho yote mawili yaliingia mtoto wa jicho. Ilifika hatua anapapasa kakao kwa vidole kujua kama imekauka.

Dada yangu aliyeko Dar akamtafutia nafasi ya upasuaji. Ikapatikana Jumatatu moja ya Januari. Tukaambiwa akiikosa hiyo, foleni inaanza upya, na ni ya miezi.

Mpango wetu ulikuwa hivi. Mimi nimpeleke Baba Jumamosi. Mke wangu, Mama Neema, naye alikuwa na safari ya Dar wiki hiyo hiyo, mdogo wake anakaribia kujifungua. Yeye angeondoka siku nyingine. Tiketi tatu.

Sasa kwa msioijua Kyela, nauli za huku zina tabia zake. Desemba mabasi yanakuja yamejaa, yanarudi matupu, kwa hiyo kutoka huku kwenda Dar unapatana bei vizuri tu. Ukipita Mwaka Mpya mambo yanageuka. Waliokuja kula sikukuu wanarudi kwa mkupuo, shule zinafunguliwa, na basi lile lile la juzi linabadilishiwa mapazia linaitwa daraja la juu.

Mimi nikajifanya mjanja. Krismasi nauli iko chini, naiona, sikukata. Nikasema nisubiri, labda itashuka zaidi.

Siku tatu kabla ya safari nikafungua app. Nauli imepanda karibu nusu yake. Jioni nikafungua tena, imepanda tena. Hela niliyotenga kwa tiketi tatu sasa ilikuwa ya mbili.

Nikakimbilia stendi. Jamaa wa tiketi tunafahamiana, akaniambia, "Kuna mtu kaahirisha. Siti mbili, bei ya zamani, ziko pamoja. Unachukua, huchukui?"

Nikachukua. Nikaandikisha jina la Baba na jina la mke wangu. Nilipiga hesabu kwamba kama Mama Neema anakwenda Dar, basi atamsindikiza Baba, mimi nibaki.

Wanyakyusa wenzangu humu najua mmeshashika vichwa.

Kwa wengine: kwetu mke wa mtu na baba mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Siyo ugomvi, ni heshima. Miaka tisa ya ndoa yangu, Baba hajawahi kulala kwangu. Akija mjini analala kwa shangazi. Mke wangu akimsikia anakohoa njiani, anaingia nyumba yoyote iliyo karibu. Salamu zao zinapitia kwa watoto. Na kila msimu Baba akikoboa mpunga, mchele wa kwanza ni wa mkwewe.

Hayo yote nayajua. Lakini nikajiambia, Baba haoni. Atajuaje nani kakaa pembeni yake?

Mke wangu nikamwambia watapanda basi moja. Akauliza, "Siti zetu ziko mbali?"

Nikasema ndiyo. Niliona tukifika stendi mambo yatajipanga yenyewe.

Jumamosi alfajiri nikampandisha Baba, nikamkalisha dirishani, kofia magotini. Mama Neema akaingia akitafuta namba yake. Alipoiona, na alipomwona aliyekaa jirani, akavuta kanga usoni akarudi kinyumenyume mpaka akamkanyaga mtu. Akashuka.

Nikamfuata chini. "Mama Neema, haoni yule."

Akanitazama. "Yeye haoni. Mimi je?"



Nikarudi ndani kuomba watu wabadilishane siti. Wa mbele akasema amelipa nauli mpya, hawezi kuhamia siti ya bei ya zamani. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akauliza, bei ya zamani ipi? Hapo ndipo abiria wakaanza kuulizana kila mmoja kalipa ngapi, na ikajulikana hakuna safu mbili zilizolipa sawa. Basi zima likawa kelele, kesi yangu ikasahaulika.

Kondakta akasema wajipange haraka, yeye anaondoka.

Baba alikuwa amesikia kila kitu. Akashika siti ya mbele yake, akaanza kusimama. Akaniambia taratibu, "Nishushe mimi. Yeye apande, mdogo wake anajifungua. Macho yangu yameshazoea."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mzee mwenye nafasi ya kuona tena anataka kuiacha stendi, kwa sababu mimi nilikuwa nakimbizana na bei.

Hapo safu ya nyuma akanyanyuka mama mmoja wa Kikisi, mfinyanzi wa kule Ikombe ziwani. Miguuni alikuwa na kapu la vyungu, amevifunga kwa majani makavu ya mgomba, hakutaka viwekwe kwenye buti. Yeye alikata tiketi jana yake jioni, kwa hiyo huenda ndiye aliyelipa kuliko wote mle ndani.

"Mimi siyo mkwe wake," akasema. "Nishikieni vyungu."

Akaja akakaa karibu na Baba. Baba akamwambia, "Ndaga fijo," yaani asante sana. Mama Neema akapanda kwa mlango wa nyuma, akakaa pale alipotoka yule mama. Basi likaondoka.

Baadaye nikasimuliwa kwamba yule mama alimsomea Baba njia nzima, hapa Uyole, hapa Makambako, hapa kuna ng'ombe barabarani. Kwenye kituo cha chakula, Mama Neema alinunua wali na samaki, akampa yule mama, yule mama akampa Baba. Baba akala, hakuuliza nani kanunua.

Jumatatu akafanyiwa jicho la kwanza. Wiki kadhaa mbele, la pili.

Walirudi mwishoni mwa Februari. Basi nusu tupu. Baba siti ya mbele, mke wangu safu ya mwisho kabisa.

Mimi nikiwa stendi, Baba akashuka wa kwanza bila kushikwa mkono. Akanitazama, akaniambia nimezeeka. Kisha akauliza, "Ameshashuka?"

Nikasema bado.

Akanipa mgongo, akaelekeza uso kwenye ukuta wa ofisi ya tiketi, akasimama hivyo hivyo. Mama Neema akapita nyuma yake na mizigo, kichwa chini, akapanda bajaji.

Pale ukutani kulikuwa na karatasi ya nauli. Baba akaisoma kwa sauti, taratibu, neno kwa neno mpaka chini.

"Kumbe imeshuka," akasema.

Nilichojifunza ni kwamba tiketi ya Januari inakatwa Desemba. Na nauli ikipanda, kopa, ahirisha, uza kuku, lakini usibane matumizi kwa kugusa heshima ya mtu.

Wa Kyela na Tukuyu, kwenu mwiko huu bado unashikwa hivi? Na makabila mengine, mnasafirije na wakwe? Mwageni maoni hapa chini, hata ya kunisema nayapokea.

Na wewe Mama Neema, najua utafika hapa. Uliniuliza kama siti ziko mbali. Hazikuwa mbali, na nilijua. Samahani.