Gisiri na Habari ya Barafu

Gisiri amechimba dhahabu Osiri tangu ujana wake, na haamini mtu, hata pasta. Pale Osiri, anayetangaza kwamba shimo litaporomoka ndiye utakayemkuta humo kesho yake akichimba. Basi bintiye Robi, mtafiti wa barafu, alipomweleza kwamba barafu ya ncha za dunia inayeyuka na bahari itapanda hadi imeze nyumba za ufuoni kule Mombasa, mzee alimkazia macho.

"Na nyinyi watafiti mmeshaanza kuzinunua?"

"Hapana, Baba. Bosi wangu alikuwa nayo moja. Ameiuza."

Hapo ndipo Gisiri alipoamini habari ya barafu.

"Na aliyeinunua," akauliza, "mlimwambia?"

Robi akainamia kikombe chake cha chai.