Nani Anasafiri na Mama?

Mama yangu anaishi mtaa wa Lindi, Kibera, hapa Nairobi, na tangu avunjike nyonga hatembei zaidi ya kutoka kitandani hadi mlangoni. Tulimnunulia kiti cha magurudumu, lakini kwenye vichochoro vya Lindi kiti hicho ni mapambo tu. Siku ya kliniki, vijana wa ploti, wapangaji wenzake, humkalisha kwenye kiti cha plastiki, wawili wakashika mbele na wawili nyuma, wakambeba hadi barabarani huku yeye akiwaonyesha pa kukanyaga. Hakuna anayewalipa. Wakimfikisha, anawauliza kama wamekula, na asiyekula huambiwa apite kwake jioni.

Kwa hivyo mama anaamini watu. Mimi nasuka nywele Kawangware, nimesikia visa vya wanawake wengi mno wakiwa wameinamisha vichwa mbele yangu, na nikiahidiwa kitu napenda kiwe kimeandikwa na kupigwa muhuri. Tumebishana hivyo tangu nilipokuwa msichana. Yeye hucheka, mimi hununa.

Mwaka jana dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea, alilazwa Kisumu, na madaktari wakatuambia tusichelewe. Daktari wa mama alikuwa amekataza safari ndefu za basi, kwa hiyo mimi na ndugu zangu tukachanga tukamkatia tikiti ya ndege, ya kwenda na kurudi. Tuliweza moja tu. Upande ule binamu zetu wangempokea. Mama hakuwa amewahi kupanda ndege. Alivaa gauni la kanisani, akapakata mfuko wa njugu alizozikaanga mwenyewe, kwa sababu dada yake hapendi njugu za mtu mwingine.

Kwenye kaunta ya kampuni ya ndege tulimkuta msichana mpole, sauti yake laini.

"Mama anasafiri na nani?"

"Peke yake," nikamjibu.

"Pole sana. Abiria asiyeweza kutembea lazima awe na mtu wake wa kumsaidia. Ni mambo ya usalama."

Nilimuuliza nani kaweka hiyo lazima. Akasema ni serikali. Ukutani nyuma yake kulikuwa na bango la mzee kwenye kiti cha magurudumu, meno yote nje, na maandishi kwamba kwa kampuni hii kila abiria ni jamaa. Nikamwacha mama pale, nikaenda hadi dawati la mamlaka ya usafiri wa ndege, ng'ambo ya ukumbi.

Ofisa aliyekuwa pale alinisikiliza vizuri. Akaniambia sheria hairuhusu abiria kubaguliwa kwa sababu ya ulemavu. Nilitaka kumkumbatia. Kisha akaongeza kwamba suala la nani anahitaji msaidizi wameziachia kampuni zenyewe, maana zinawajua wateja wao na zina sera nzuri. Nikarudi kaunta. Msichana akasema kampuni ingependa sana kumbeba mama, moyo wanao, ila kukitokea dharura serikali itawafungia. Nikarudi kwa ofisa. Nilizunguka kati ya madawati hayo kama mtoto anayetumwa na wazazi walionuniana. Mara ya mwisho nilikuwa nikipiga kelele, na watu walikuwa wamegeuka kunitazama. Mama alikuwa amekaa tu na njugu zake, akiangalia saa ya ukutani. Sikumwona akilia, lakini midomo yake ilikuwa ikienda, na nilijua anamwomba Mungu amweke dada yake hai kidogo tu.

Hapo ndipo mwanamume mmoja alipotoka kwenye foleni. Mnene, koti la suti juu, ndala miguuni. Hatukuwa tumemwona maishani.

"Huyu ni mathe wangu," akamwambia msichana. "Tuko pamoja."

Msichana alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama mama. Alijua. Mama hakungoja.

"Na umekuwa wapi saa hii yote?" akamfokea. "Umekunywa hata chai?"

"Bado, mathe."

"Unaona? Hivi ndio mnapata vidonda vya tumbo."

Msichana akainamisha uso kwenye kompyuta yake, akacheka kimyakimya, akawapa viti vya pamoja. Nililia pale ukumbini bila kuona haya. Mama aliondoka akisukumwa na mtoto wake mpya, akanigeukia kunipungia mkono, na usoni alikuwa na ule ushindi wake ambao naujua sana. Watu wako duniani, alikuwa akiniambia. Si nilikuambia watu wako?

Alimkuta dada yake akiwa hai. Njugu hazikulika, lakini mama mkubwa alimtambua, akamwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyebaki anayelijua. Walishikana mikono siku mbili. Nashukuru kwa siku hizo mpaka leo, na yule mnene wa ndala namwombea popote alipo.

Nilienda Kisumu kwa mazishi, nikarudi Nairobi kwa basi, mama akabaki kidogo na waombolezaji. Nilimwambia nina wasiwasi na safari yake ya kurudi. Akanicheka. Tikiti anayo, alisema, na watoto hawakosi.

Siku ya kurudi alinipigia simu kutoka Kisumu jioni. Yuko stendi ya basi, alisema, na betri inaisha.

Alifika asubuhi. Nilimpeleka kwangu Kawangware, maana kwangu gari hufika hadi mlangoni. Miguu ilikuwa imefura hata viatu vilitoka kwa shida. Nilimwekea maji ya moto yenye chumvi kwenye karai, nikapiga magoti, nikaanza kumkanda. Miguu hii ilinitembeza mgongoni soko zima nikiwa mdogo. Nilikuwa na hasira ya kung'oa meza, lakini mikono niliitaka iwe laini.

"Pale kaunta waliniuliza niko na nani," akasema. "Nikawaambia wangoje. Nikageukia foleni, nikauliza, nani ni mtoto wangu hapa?"

"Mama."

"Nikauliza kwa sauti. Walinisikia."

Hakuna aliyejibu. Wengine waliangalia simu zao. Mwanamke mmoja alimpa pole. Mama akakaa pembeni mpaka ndege ikaondoka, halafu binamu zetu wakaja kumchukua, wakamtafutia basi.

Nilianza kuwatukana, kampuni na serikali na foleni nzima. Akaniwekea mkono kichwani, kama anavyofanya nikiwaka.

"Usiwatukane. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wamechoka, na kila mtu na mama yake nyumbani."

Maji yalikuwa yamepoa. Nikaongeza ya birikani, nikamfunika magoti kwa leso yangu ya kujitanda. Nilingoja anieleze tena kwamba watu wako, na safari hii nilikuwa nimeapa sitabishana, nitamwachia. Alikuwa amechoka, na alikuwa amempoteza dada.

"Yule ofisa mwenye uliongea na yeye," akasema. "Yule wa sheria. Ofisi yao kubwa iko wapi?"

Nikamwambia naijua.

"Nipeleke. Nataka waandike vizuri, isiwe ni ya kampuni kuamua."

"Mama, wewe? Si watu wako?"

Alitazama miguu yake ndani ya karai.

"Wako," akasema. "Lakini nataka nipande ndege hata siku yenye hakuna mtu amenipenda."