Nilikimbiza Mushaki Yote na Kaske Kichwani

Wacha niseme mimi mwenyewe, kwa sababu wengine wanaongeza chumvi na habari yenyewe haina shida ya chumvi: mimi, Mama Furaha, muke wa mutu, mwenye diplome yangu ya sekondere, njo mimi niliyekimbiza watu wa kijiji yetu ya Mushaki, na mbuzi zao, na chef wetu wa nyumba kumi, mchana kweupe, siku ya soko, kwa sababu ya vita ambayo ilikuwa ndani ya kaske niliyovaa kichwani. Mupaka leo vijana wakipita mbele ya nyumba yetu wanainama, wananyoosha kidole kama bunduki, wanacheka. Wacheke. Siku ile hakuna hata mumoja wao alicheka, walikuwa mbele yangu kwenye barabara, na miguu yao ilikuwa mizuri sana.

Shetani aliingia kwetu kwa jina la Innocent. Ni mudogo wa bwana yangu. Alitoka Goma na kaske mbili za kuvaa machoni, zile ambazo ukivaa hauone tena nyumba wala mutu, unaona dunia ingine kabisa, na manete mbili za kushika mukononi njo zinakuwa bunduki yako. Akafungua sale, chumba ya muchezo, kwenye salon yetu ya kupokea wageni (salon yangu! hakuniuliza hata kwa mudomo), akaweka bafle kubwa ya kupaza sauti kwa dirisha, akapiga nyimbo asubuhi yote ili watu wa soko waje kuangalia.

Mimi nilikuwa shambani. Nilirudi na jembe begani, mvua inajitayarisha upande wa juu, maharagi yangu iko inje imeanikwa, Furaha analia kwenye mukeka karibu na mulango, na Papa Furaha, baba ya mutoto, iko katikati ya salon na kaske kwa macho, anarukaruka kama kuku ambaye amekatwa shingo.

"Papa Furaha! Mutoto analia!"

"Ngoja, wananiua!"

Nikaingiza maharagi mimi mwenyewe. Nikanyonyesha mutoto, akalala kwenye mukeka. Halafu nikamwambia Innocent kwamba nitatupa kaske zake kwenye choo. Kijana yule akatabasamu.

"Shemeji, ungejaribu ungeelewa. Lakini si kosa yako, hii si kitu ya wanamuke."

Ningemuacha, leo ningekuwa mutu wa heshima. Lakini sikumuacha. Nikasema leta hiyo kitu, nitapigana na huyu huyu bwana yangu, nimuonyeshe.

Muchezo ni hivi: munaingia kwenye kiwanja ya kuta na ngazi, kila mumoja na askari wake wa mashine, munakimbizana, munapigana risasi haraka haraka, na ukifa unasubiri kidogo tu, unafufuka na bunduki mupya. (Hapo nilielewa kwa nini wanaume wanapenda ile vita. Wafu wanasimama, hakuna mutu anabeba godoro kichwani, hakuna wa kuzika. Nani atakataa?) Mwanzo nilikufa mbaya. Nilikufa nikitafuta kitufe, nilikufa nikiangalia mikono yangu. Bwana yangu akacheka, nikasikia kicheko yake, na kitu ikawaka ndani yangu. Nikaanza kumuwinda.

Na Innocent, ili soko yote ijue kwamba mwanamuke njo anacheza, akatoa nyimbo kwenye bafle, akaweka sauti ya muchezo. Risasi. Kwa bafle. Mushaki! Fikirini akili ya mutu ambaye anasikilizisha watu wa Masisi, ambao wamekimbia vita mara nyingi, risasi ili wafurahi. Alikuwa anafuata muchezo kwenye telefone yake na kuniuliza kama mutu wa radio, "Shemeji, wako wapi?", na mimi sijui kufanya kazi na mudomo kimya, nilipiga kelele kwa nguvu yote Mungu aliyonipa:

"Wako nyuma ya kanisa! Wanapanda! Ni wengi! Laleni chini!"

Kwenye kile kiwanja kulikuwa na nyumba moja yenye munara, ilifanana na kanisa. Na Mushaki pia kuna kanisa. Munaona.

Mimi sikuona. Risasi za bafle zikakatika, nikasema vizuri, sasa nitasikia vizuri. Na Papa Furaha akasimama katikati ya kiwanja kama nguzo ya uzio. Nikamupiga. Akafufuka, akasimama tena fasi ile ile. Nikamupiga kwa sababu ya maharagi. Nikamupiga juu ya mutoto kulia. Nikamupiga juu ya mama yake, ambaye siku ya harusi alisema nina mukono ya uvivu. Nilimupiga mupaka roho yangu ikapoa, na yeye alisimama tu, hakujibu, na mimi nikawaza: leo amenikubali.

Nikavuta kaske, nikaiweka juu ya kipaji cha uso ili nimucheke vizuri.

Salon haina mutu, hata Innocent. Kaske ya bwana yangu iko chini, bado inawaka. Batri ya panno solere, ile ya umeme ya jua iliyowasha bafle, imetolewa, waya zinaning'inia. Mulango wazi. Na mukeka tupu.

Nikatoka inje. Soko yote imekwisha watu. Matunda ya avoka yamemwagika, sufuria ya sombe, majani ya muhogo, inachemuka yenyewe, kiatu kimoja cha mutoto wa mutu iko katikati ya barabara. Sisi tunajua soko ya namna ile maana yake ni nini. Na mimi (hapa muna ruhusa ya kucheka) nikawaza kwamba vita imekuja kweli wakati nilikuwa nacheza, na nikakimbia pia, nikaita Furaha, Furaha, kushuka upande wa Sake.

Nikafikia wale wa nyuma. Kulikuwa na muzee mumoja anavuta ngombe kwa kamba.

"Papa, mumeona mutoto wangu?"

"Watoto wote iko mbele, dada, kimbia! Nimewaona na macho yangu! Wametokea nyuma ya kanisa, wengi, wanaongozwa na mwanamuke! Sauti yake, weee, ile haina huruma!"

Nikashika ile kaske, bado iko kwenye kipaji cha uso.

Nilielewa yote pale pale, na ningeweza kunyamaza. Lakini mutoto wangu iko mbele, kwenye mugongo wa mutu simujui, na ule mutu atakimbia mupaka uongo wangu utakapochoka, na uongo ulikuwa unapita kila mutu mbio. Kulikuwa na kamio ya makala, lori ya mizigo ya makaa, imezimika kando ya barabara. Nikapanda juu.

"Simameni! Hakuna vita! Ni mimi! Ulikuwa muchezo!"

Hakuna aliyenisadiki. Mama mumoja akasema masikini, akili imemutoka. Chef wa nyumba kumi (alikuwa mbele ya wote, kiisha alieleza kwamba alikuwa anaonyesha njia) akapaza sauti:

"Nani amekutuma uturudishe? Wamekupa nini?"

Ilibaki namna moja tu. Nikashusha kaske kwa macho, nikasimama juu ya magunia ya makala, mikono mbele kama nashika bunduki, na uso mweusi kwa vumbi yake, nikapiga kelele tena kwa sauti ile ile:

"Wako nyuma ya kanisa! Wanapanda! Laleni chini!"

Nusu ya watu wakalala chini. Nusu wakaanza mbio tena, na yule muzee akaacha ngombe. Halafu mama mumoja, bado tumbo kwenye matope, akainua kichwa.

"Ndiyo ile sauti! Njo yeye komanda!"

Kicheko ya siku ile sitaki kuieleza. Matusi pia. Lakini motari mumoja akawasha pikipiki yake, akateremuka kupeleka habari kwa wale wa mbele, na nyuma yake watu wakaanza kurudi. Wa kwanza niliyemutambua alikuwa Papa Furaha, na batri kichwani.

"Wewe ulikuwa ndani ya muchezo pamoja na mimi! Ulijua ni muchezo!"

"Nilijua. Lakini niliona watu wanakimbia. Watu hawakimbie bure."

"Na mutoto?"

"Nilisema moyoni iko na wewe."

Nilikuwa na maneno tayari, mengi, ya kumupiga nayo mupaka nyumbani. Lakini nyuma yake akatokea Mama Zawadi. Ni mama mwenye kuuza avoka, alikimbia vita ya Mweso akaja kukaa kwetu, kukimbia anajua kuliko sisi wote. Kikapu yake aliiacha. Furaha alikuwa mugongoni mwake, amefungwa vizuri na kitenge, analala.

Nikashika mutoto wangu, nikalia, na hasira ikarudi pamoja na machozi.

"Kijiji yote imepita mbele ya mulango yangu! Mumeniacha nimefunikwa macho! Hakuna hata mutu alinigusa bega!"

Mama Zawadi akaniangalia, hakucheka.

"Dada, mimi nilikugusa bega. Mara mbili. Nilikuambia tukimbie, mutoto iko hapa. Ukanisukuma na kiwiko, ukasema, 'Ngoja, nimalize huyu.'"

Bwana yangu akaniangalia chini ya ile batri, na mimi nikaangalia ngombe.

Maneno yote niliyomutayarishia Papa Furaha niliyameza moja moja, mupaka nyumbani, na yalikuwa machungu. Innocent alirudi Goma na kaske zake siku iliyofuata, bila mutu kumufukuza.

Mimi nimeapa. Kitu chochote kinachofunika macho hakitaingia tena kwangu. Hata kanisani sasa nasali macho wazi, na mukono juu ya muguu ya Furaha. Pasta aliniuliza kwa nini sifungi macho kama wengine. Nikamwambia: Pasta, wewe funga. Mimi nilikwisha kufunga.