Bluzi ya Kaka Beno Mbele ya Dada Yake

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi Dumila nikiwa na hasira. Kesho yake kaka Beno, kaka wa heshima tu, si wa damu, alitakiwa kupiga bluzi mjini, ukumbi wa Mwembesongo, na mimi, niliyeimba naye miaka kumi na minne kabla ya kwenda kufundisha shule, nilikuwa nimewaahidi watu kwamba atakuja. Simu hapokei. Ikabidi nimfuate kwao Uluguru, na mimi na milima hatupatani.

Dakawa mpunga ulikuwa umeanza kuinama. Abiria mwenzangu aliniuliza naenda wapi. Kosa lake, maana nilimsimulia habari zote za Beno. Alianza na kinanda cha kanisani misheni. Akashuka mjini, akapuliza tarumbeta katika bendi ya dansi. Mpiga gitaa la solo alipougua, Beno akalishika na hakulirudisha tena. Bluzi aliipata kwenye kanda za padri mmoja.

"Bluzi ndiyo nini?" aliniuliza.

"Malalamiko. Mtu analalamika polepole mpaka mnasimama kucheza."

Saa nne na nusu pikipiki ilinishusha barabara ilipoishia, nikapanda kwa miguu kati ya matuta ya karoti na kabichi. Akina mama walishuka na matenga kichwani wakinisalimu, nami sina hata pumzi ya kuitikia.

Beno nilimkuta barazani akikaza nyuzi.

"Shikamoo, kaka. Simu umeitupa?"

"Marahaba, mwalimu. Siji mjini mpaka nimwimbie dada."

Jambo lenyewe nililijua. Binti yake, Tekla, ni mjane. Amepanga chumba kimoja Mwembesongo na watoto watatu, anataka kurudi kulima. Lakini kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mama yake Tekla alitoka Singida. Shamba analolima Beno ni la ukoo wa mama yake yeye, na mwenye kauli ni dada yake mkubwa, Felista. Beno alilitungia wimbo. Tumeuimba Dodoma, tumeuimba Dar, kila mahali isipokuwa mbele ya Felista.

Saa nane mchana Felista alifika, akakaa. Majirani wakajaa uani. Beno alifunga kinanda cha mdomo shingoni kwa waya, mguu ukagonga ubao, gitaa likaitikia. Ubeti wa kwanza ni mikono iliyochubuka kwa jembe. Wa pili ni dada aliyemfukuza mtoto mvua ikinyesha. Ubeti huo ulikuwa ukiniliza kila mara. Siku hiyo nilitazama chini.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Gitaa unalijua," Felista alisema. "Ila ubeti wa pili ni uongo."

"Dada..."

"Nilimfukuza lini? Tangu amzike mumewe, Tekla hajakanyaga hapa. Wala wewe hujaniuliza. Sasa unaniletea kinanda! Mimi naombwa kwa kinanda?"

Watu wakacheka. Beno hakucheka.

"Aje mwenyewe, akae hapa, aniombe. Nikimkatalia, ndipo uniimbe."

Tukishuka nilimuuliza kama ni kweli. Alivuka kijito kwanza. "Niliogopa atakataa," akasema. "Nikatanguliza wimbo."

Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi ulijaa. Alianza na tarumbeta, akahamia kinanda, mwisho akashika gitaa. Wimbo ule aliuacha mpaka wazee walipoudai. Ubeti wa pili ulikuwa umegeuka: sasa ni baba mwoga aliyezunguka nchi nzima akimshtaki dada asiyeulizwa neno. Tekla, aliyekaa mstari wa mbele, alijifunika uso kwa khanga. Nami nikiitikia nyuma ya Beno niliona haya kwelikweli. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemsemea vibaya mwanamke nisiyemjua, kwa sauti nzuri, na watu wakanishangilia. Hilo ndilo nililojifunza, na sikulipenda.

Jumapili Tekla na baba yake walipanda mlimani alfajiri. Mimi nilikuwa kwenye basi la kurudi Dumila simu ilipolia. Safari hii alipiga Beno mwenyewe.

"Vipi, kaka? Tekla kapokewa?"

"Chai yenyewe hajamaliza," Beno alisema. "Dada kashampa jembe."